Dirisha la Lubega

Kiti namba tatu kiliuzwa mara mbili, na hakuna aliyejua mpaka asubuhi ya safari, basi likiwa limekwisha washwa pale Custom, kituo cha mabasi mjini Juba, mizigo imeshindiliwa tumboni mwake, na utingo akiwaita watu kwa mara ya mwisho. Mfanyabiashara mmoja wa viatu alikuwa amekaa tayari, mkoba mapajani. Mbele yake alisimama mwanamke kijana aliyeitwa Nyagach, amemshika mama yake kiunoni. Mama huyo alikuwa akipelekwa Kampala kufanyiwa operesheni ya nyonga, na kila aliyemtazama alijua kwamba hawezi kusimama kwa muda mrefu.

“Kiti hiki nilikichagua wiki iliyopita,” Nyagach alisema. Alikulia Kenya wakati wa vita, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. “Nilikichagua juu kiko karibu na mlango. Mama hawezi kutembea mpaka nyuma.”

Mfanyabiashara akamwonyesha tiketi yake. Nayo ilisema namba tatu.

Utingo akaenda kumwita aliyeziuza. Lubega alitoka ofisini akijifuta mikono kwenye suruali, mtu mnene aliyepita miaka hamsini, mwenye tabasamu linalofika kabla ya mwili. Alikuwa akiuza tiketi za kampuni ile, na abiria wengi walimjua kwa utani wake. Alipanda ngazi za basi, akazipokea tiketi zote mbili, akazisogeza karibu na pua. Aliitazama moja, akaitazama nyingine, akairudia ya kwanza. Mtu mmoja kule nyuma akacheka.

“Mzee, ulikuwa unaangalia nini?” Nyagach alimwuliza. Hakupaza sauti, na labda hilo ndilo lililouma zaidi. “Ulipokuwa unauza hii ya pili, ulikuwa unaangalia nini?”

Lubega alizishusha tiketi. Utani wake wote ulikuwa umemkimbia.

“Malesh, binti yangu,” alisema, akiomba radhi kwa neno la Juba. “Malesh sana.”

Mfanyabiashara hakuinuka. Naye alikuwa amelipa. Nafasi iliyobaki ilikuwa kule mwisho, juu ya injini, na wanaume wawili wakambeba mama yule kumpitisha katikati ya viti. Kila mguu wake ulipogusa kitu, alifumba macho, asiseme neno. Norah aliyaona yote hayo kutoka mlangoni mwa ofisi, dirisha moja la basi baada ya jingine. Kisha alimwona mume wake akishuka na kusimama kwenye vumbi, akilipungia mkono basi ambalo hakuna mtu ndani yake aliyempungia.

Ndiyo, Lubega alikuwa mume wake. Walifanya kazi mahali pamoja: yeye kaunta ya tatu, Norah katika chumba kidogo cha nyuma, akizitunza kompyuta za kampuni. Lubega alikuwa Mganda wa Masaka, Norah mtu wa Arua, na kwa kuwa kila mmoja aliijua lugha ya mwenzake kwa kusalimia tu, nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili. Norah alikulia kambini, binti wa mwanajeshi, na Kiswahili chake kilinyooka. Cha Lubega kilikuwa cha barabarani, alichokiokota miaka ile alipokuwa dereva wa malori. Mtoto wao Arthur, aliyekuwa akisoma Kampala, alizoea kumcheka. Norah hakumcheka. Alikuwa amekubali kuolewa kwa Kiswahili kile kile kibovu, na hakuona sababu ya kukisahihisha.

Mchana ule meneja aliwaita mafundi ofisini kwake, maana yake alimwita Norah, kwa sababu fundi alikuwa mmoja. Mwangi alikuwa Mkenya mwembamba wa miwani, mwenye haraka, aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama.

“Mwenye mabasi amenipigia,” alisema. “Kuna mtu ndani ya gari alipiga video yule mama akibebwa. Imezunguka Juba nzima. Sasa niambie, Norah, kiti kinauzwaje mara mbili na kompyuta iko hapo?”

“Programu inakataa,” Norah alijibu. “Kiti kikishachukuliwa, inaandika onyo na kuuliza kama kweli unataka kuendelea.”

“Basi mtu aliliona onyo akaendelea?”

“Au hakuliona.”

Mwangi alitafuna, akafikiri. Programu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya maandishi matupu, isiyo na picha wala vitufe vya kubonyeza. Ilikaa kwenye seva katika chumba cha Norah, na kila kaunta iliifikia kupitia dirisha jeusi kwenye skrini, lile ambalo mafundi huliita terminal. Juu yalikuwepo majina ya abiria, katikati viti, na chini kabisa, mstari wa mwisho, ndipo programu ilipoandika maonyo yake. Tatizo ni kwamba dirisha lile lilikuwa mali ya yeyote aliyekaa mbele yake. Aliweza kulivuta, kulipunguza, kulifunga katikati ya kazi, kukuza herufi au kuzifanya ndogo kama chembe za mchanga.

“Kila mtu anafanya anavyotaka na hiyo kitu,” Mwangi alisema. “Quinter analisukuma pembeni aangalie harusi za watu. Mwingine analifunga kabla hajamaliza, kiti kinakwama siku nzima. Nataka dirisha moja, limejaa skrini, mtu asiweze kulifunga, asiweze kulivuta, asibadilishe hata rangi. Akikaa, anauza tiketi. Hakuna kingine. Unaweza?”

“Naweza.”

“Na mzee wako,” aliongeza, akiitazama sahani yake badala ya kumtazama Norah. “Ninampenda, unajua. Kila mtu anampenda. Lakini kosa lingine kama hilo, sitaweza kumtetea.”

*

Jumapili baada ya ibada, ofisi ikiwa imefungwa, Norah alikwenda kuifanya kazi ile, na Lubega akamfuata. Hakuwa na la kufanya pale. Alivuta kiti, akamenya machungwa, akamwekea mke wake vipande kando ya kibodi.

Kazi haikuwa ngumu, ilihitaji uvumilivu tu. Norah aliondoa ukanda wa juu wenye alama ya kufungia. Aliondoa menyu. Akaondoa ile orodha inayochomoza ukibonyeza kipanya upande wa kulia. Akafanya dirisha lijifungue lenyewe kompyuta inapowaka, na likizimwa kwa namna yoyote, lirudi lenyewe. Kisha akaanza kuzima mikato ya kibodi, yaani vile vitufe vinavyobonyezwa viwili kwa pamoja, mmoja mmoja, akiijaribu kila mara ili ahakikishe imekufa.

“Hii nafanya nini?” Lubega aliuliza.

“Hii ilikuwa ya kufungua dirisha lingine. Sasa haifanyi kitu.”

“Na hii?”

“Hiyo ilikuwa ya kukuza herufi.”

Lubega alimenya chungwa jingine, polepole, ganda likishuka refu bila kukatika. “Mtu akitaka kuongeza kidogo?”

“Hawezi.”

“Hata kidogo sana?”

“Baba Arthur, ndiyo maana ya kufunga. Nikimwachia mtu kidogo, kila mtu atataka kidogo chake.”

“Tamam,” alisema Lubega. “Ni sawa. Wewe iko fundi.”

Norah alikula kipande cha chungwa, akaendelea. Baadaye angejiuliza mara nyingi kwa nini hakugeuza shingo wakati ule amtazame usoni. Alikuwa anafurahia kazi yake. Lilikuwa jambo la kupendeza kuona skrini zote zikiwa sawasawa, nyeusi, tulivu, hakuna hata moja iliyopinda.

*

Jumatatu foleni ya kaunta ya tatu ilifika mlangoni.

Mwanzoni Norah alidhani ni kwa sababu watu walitaka kuhudumiwa na Lubega kama siku zote. Halafu alisikia sauti ya Quinter, aliyekuwa kaunta ya pili, akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, “Kumi na nne, mzee. Nimekuambia iko wazi. Kumi na nne.” Baada ya muda mfupi tena, “Hapana, hiyo ni tarehe.”

Alitoka chumbani kwake, akasimama nyuma ya mume wake. Lubega hakumsikia. Alikuwa ameinama mbele, kifua juu ya kibodi, pua yake karibu kugusa kioo, kama mtu anayejaribu kuchungulia ndani ya nyumba yenye giza. Kwa mkono wa kushoto alishika kitambulisho cha abiria. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kibodi, na vidole viwili vilikuwa vikibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, vikiachia, vikibonyeza tena. Norah alivitambua vitufe vile kabla hajaelewa maana yake. Vilikuwa vya kukuza herufi. Lubega alivibonyeza taratibu, bila hasira, kama mtu anayegonga mlango wa rafiki akijua rafiki yumo ndani.

Hakuna kilichobadilika. Norah mwenyewe ndiye aliyehakikisha hakuna kitakachobadilika.

“Mzee analala,” mtu mmoja kwenye foleni alisema kwa Kiarabu cha Juba, na wenzake wakacheka. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua aliipiga kaunta kwa ufunguo wa pikipiki. “Kama hujui kompyuta, waachie wanaojua.”

Lubega alicheka pamoja nao. Hicho ndicho kilichomkata Norah maini, kule kucheka. Alimgusa bega.

“Inuka, Baba Arthur. Meneja anakutaka godauni.”

Hakuna aliyemtaka godauni. Lubega aliinuka, akamwachia kiti bila kuuliza, na Norah akauza tiketi mpaka foleni ikaisha.

*

Jioni, nyumbani kwao mtaa wa Gurei, Norah alipika posho ya unga wa mahindi na mboga ya majani yenye karanga. Walikula uani, jua likiwa bado limeshikilia mabati ya jirani. Norah alisubiri mpaka Lubega alipolamba vidole.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Tangu lini nini?”

“Usinifanye mjinga.”

Lubega aliangalia bakuli. “Mimi hapana ona mzuri,” alisema hatimaye. “Mwaka. Zaidi ya mwaka. Kama mtu namwaga maziwa kidogo ndani ya maji. Kila kitu iko, lakini iko na maziwa.”

“Mgongo wako, ule uliokufanya uache lori?”

“Mgongo ni mgongo.” Alilisukuma bakuli. “Kidogo ilikuwa mgongo. Lakini usiku taa ya gari mingine inakuja, inakuwa kubwa kama nyumba, mimi hapana jua barabara iko wapi. Nikaona siku moja mimi nitaua mtoto wa mtu.”

“Ukaniambia mgongo. Nikakukanda kwa mafuta miezi mitatu.”

“Mafuta ilisaidia,” alisema Lubega, na licha ya kila kitu Norah alikaribia kucheka. Alijizuia.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niambie nini? Mimi ilikuwa naongeza maandishi, kazi inakwenda. Asubuhi nafika mbele ya watu, naongeza. Jioni narudisha, hakuna mtu anajua. Sasa wewe nafunga.” Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. “Watu wote wa Juba, nani anakuja kufunga? Bibi yangu. Na mimi namenya yeye machungwa.”

“Ungesema palepale. Nilikuwa mbele yako.”

“Ningesema nini? Mama Arthur, usifunge, mimi ni kipofu? Wewe unashika kazi ya kichwa, unalipa shule. Mimi nabaki na kiti ile tu. Wakitoa mimi kwa kiti, mimi nakuwa nani? Mtu wa kukaa Gurei kungojea wewe.”

Aliinuka, akaenda kusimama karibu na tangi la maji, akampa mgongo. Norah alikusanya vyombo. Hasira yake ilikuwa imechanganyika na huruma, na kila moja ikaiharibu nyingine, hata hakujua aseme lipi. Aliviosha vyombo kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

*

Alikuwa na njia rahisi, na aliiwaza njia nzima ya kwenda kazini kesho yake. Yeye ndiye aliyefunga, ufunguo alikuwa nao. Angeweza kulegeza kaunta ya tatu peke yake, ile mikato miwili tu ya kukuza herufi, na Mwangi asingejua hata siku moja. Lubega angerudi kwenye kiti chake na utani wake. Alifika, akaketi chumbani, akaandika nusu ya amri ile.

Lakini alikuwa fundi, na fundi haachi kitu bila kukijaribu. Alifungua dirisha la zamani kwenye kompyuta yake, lile lisilofungwa, akakuza herufi kama Lubega alivyokuwa akikuza. Mara moja, mara mbili, akaendelea mpaka zikawa za kusomwa na mtu mwenye maziwa machoni. Kadiri herufi zilivyokua ndivyo dirisha lilivyotanuka, na kadiri lilivyotanuka ndivyo upande wake wa chini ulivyoshuka ukapita ukingo wa skrini. Akajifanya anauza kiti kilichokwisha uzwa. Akabonyeza. Kimya. Hakukuwa na onyo lolote mbele yake. Onyo lilikuwepo, ila limeandikwa chini kule, mahali pasipokuwa na kioo cha kulionyesha, likiuliza kama kweli anataka kuendelea. Mtu aliyedhani mashine imekwama angebonyeza tena. Norah akabonyeza tena. Kiti kikauzwa.

Alikaa akiitazama skrini. Kwa hiyo hivyo ndivyo mama wa Nyagach alivyobebwa. Lubega hakuwa amezembea, alikuwa akijitahidi kuliko wote, na kujitahidi kwake ndiko kulikolificha onyo.

Akafuta ile nusu ya amri.

Alimkuta Lubega nyuma ya ofisi, akiwasaidia wapakiaji kwa maneno zaidi kuliko kwa mikono. Alimweleza yote, polepole, akichora mstatili kwenye vumbi kwa kijiti na kuonyesha mahali mstari wa chini ulipotokomea. Lubega alisikiliza akiwa amekunja uso.

“Basi ilikuwa mimi,” alisema.

“Ilikuwa dirisha.”

“Ilikuwa mimi, Mama Arthur. Yule mama, ilikuwa mimi.” Akaufuta ule mstatili kwa kiatu. “Wewe ulitaka kufungulia mimi?”

“Nilitaka.”

“Usifungue.”

“Nimeshaacha. Lakini kuna njia nyingine. Naweza kuiandika skrini upya, herufi kubwa tangu mwanzo, vitu vichache kila ukurasa, na onyo likae juu kabisa. Halafu nalifunga hivyo hivyo, hakuna wa kuligusa, hata wewe. Ila siwezi kufanya bila meneja kujua ni kwa nini. Na sitamwambia mimi.”

Lubega alielewa. Aliingiza shati vizuri ndani ya suruali, kama mtu anayekwenda kuposa.

*

Mlango wa meneja ulibaki wazi nusu, na Norah alisimama karibu nao, akijisemea kwamba anakagua kebo.

“Boss,” sauti ya Lubega ilisema, “mimi nakuja kusema kitu. Macho yangu iko mbaya. Kiti ya yule mama, mimi niliuza kwa sababu mimi hapana ona. Si programu. Si Norah. Norah alikuwa hajui, nimejificha yeye pia.”

Sahani ilisikika ikiwekwa mezani.

“Ninyi watu,” Mwangi alisema mwishowe. “Mtu haoni, na mimi nimemweka auze tiketi. Unajua mwenye mabasi akisikia hivyo atasema nini? Atauliza mimi nilikuwa ninaangalia nini.”

“Ndiyo, boss.”

“Na dereva ulikuwa. Ulikuwa dereva, Lubega.”

“Ndiyo maana niliacha.”

Mwangi alivuta kiti, ikasikika miguu yake ikikwaruza sakafu. Huenda ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia akikaa. “Baba yangu alikuwa na hiyo mtoto wa jicho,” alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe, sisi tunamgombeza. Mwaka mzima tunamgombeza. Umepimwa?”

“Bado.”

“Utapimwa wiki hii. Na hutauza tiketi mpaka bibi yako anionyeshe hiyo skrini mpya, na niijaribu mimi mwenyewe nikiwa nimevua miwani. Norah, ingia, najua uko hapo.”

Norah aliingia akiwa ameshika kebo isiyounganishwa popote.

*

Siku zilizofuata alibeba laptopu nyumbani kila alasiri. Aliiweka juu ya meza uani, na Lubega akakaa upande wa pili kama bwana anayeshonewa suti. Yeye ndiye alikuwa kipimo.

“Hii?”

“Kubwa kidogo.”

“Hii?”

“Hii iko mzuri, lakini nyeupe inachoma mimi. Weka njano.”

Aliweka njano. Alilipandisha onyo juu, akalifanya lijaze upana wote, na akaondoa ile tabia ya kulikubali kwa kubonyeza tu. Sasa aliyetaka kuendelea ilimbidi aandike neno zima. Lubega alimwambia kwamba majina ya abiria yasiandikwe yote kwa herufi kubwa, yanamchanganya. Norah hakuwa amewahi kufikiria hilo. Walibishana juu ya ukubwa wa namba za viti mpaka jirani akachungulia kuona kuna ugomvi gani. Hawakuwa wamekaa pamoja hivyo, wakifanya kitu kimoja, tangu walipojenga kile chumba cha pili. Norah alijikuta akiikawiza kazi ile kwa makusudi, akibadilisha vitu ambavyo havikuhitaji kubadilishwa.

Daktari wa macho alisema ndiyo, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ugonjwa huo unatibika. Lubega akapangiwa kwenda kupasuliwa kwao Masaka, ambako dada yake angemtunza. Kabla ya hapo alirudi kaunta ya tatu, baada ya Mwangi kuvua miwani na kujiuzia mwenyewe kiti cha kwenda Kampala bila kosa.

Alikuwa pale siku Nyagach na mama yake waliporudi. Basi lilisimama uwanjani, na mama akashuka mwenyewe, kwa gongo, binti akiwa nyuma yake tayari kumdaka. Lubega aliacha kaunta. Norah alimwona akivuka uwanja kwa tahadhari, akipima ardhi kwa nyayo, mpaka akafika mbele yao.

“Binti, wewe uliuliza mimi naangalia nini,” alisema. “Siku ile nilikuwa hapana jibu. Mimi nilikuwa hapana ona. Nimeficha, na mama ndio alibeba uchungu. Sasa wamerekebisha, na mimi nakwenda kupasuliwa macho.”

Nyagach alimshika mama yake kiwiko. Hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Mama yake akamwuliza jambo kwa lugha yao ya Kinuer, binti akamfasiria, na mwanamke mzee akasema maneno mawili matatu, akinyoosha gongo lake kuelekea uso wa Lubega.

“Anasema usiogope kisu,” Nyagach alifasiri. “Anasema kinachouma ni kukaa nyuma ya basi.”

Na hapo Lubega akacheka, na safari hii Norah hakuumia kumsikia.

*

Lubega alirejea Juba baada ya wiki kadhaa, amevaa miwani myeusi, amenenepa kwa matoke ya dada yake. Norah alimpokea Custom. Waliingia ofisini kwanza, kusalimia, na wakamkuta Quinter amejikita kaunta ya tatu.

“Sitoki, mzee,” alisema. “Hizi herufi kubwa, kumbe kichwa kilikuwa kinaniuma bure miaka yote. Nenda ukae kwangu, kwa herufi za sisimizi.”

“Mimi sasa naona sisimizi,” Lubega alijibu, na akamwachia.

Walipanda raksha ya magurudumu matatu kwenda Gurei. Njiani alisoma kila kitu. Alisoma mabango ya maduka ya dawa, majina ya makanisa, namba za magari, maneno yaliyoandikwa nyuma ya malori ya maji, kwa sauti, mpaka dereva wa raksha akawa anageuka kumtazama. Norah alimwambia anyamaze. Akanyamaza kidogo, akaanza tena.

Nyumbani alimwekea maji ya kunawa. Alipomletea taulo, Lubega alikuwa amevua miwani na alikuwa anamtazama. Alimtazama paji la uso, akamtazama pembe za macho, na zile nywele za kando ya masikio.

“Mama Arthur,” alisema taratibu. “Wewe nazeeka.”

Norah alisimama na taulo mkononi. “Hukuwepo,” alisema. “Ulikuwa kwenye maziwa.”

“Lini hii yote ilifanyika?”

“Nilipokuwa nakukanda mgongo.”

Lubega alivuta kigoda cha pili, akakiweka karibu na chake, penye mwanga. “Kaa hapa,” alisema. “Kaa kwanza. Mimi bado hapana maliza kuangalia.”

Sufuria ilikuwa jikoni, maji ya posho yakichemka na kuruka juu ya moto. Norah aliyasikia. Akakaa.